WordPress yako mwenyewe au jukwaa la kulipia kila mwezi? Jibu kwa muuza vitenge wa Morogoro

*Swali: Habari za kazi. Nina duka la nguo za vitenge Morogoro, aina kama 60 hivi. Wateja wengi nawapata Instagram, tunamalizana WhatsApp, wanalipa kwa lipa namba. Sasa nataka tovuti yenye duka. Mtoto wa dada yangu, yuko chuo anasoma kompyuta, anasema atanijengea kwa WordPress na hosti ni bei ndogo. Rafiki yangu wa Nairobi yuko Shopify, ananiambia nilipie kila mwezi nipumzike. Mwingine kanitajia Wix. Mimi si mtu wa kompyuta. Nishike lipi, na nikikosea nitaweza kuhama?*

Dada, hilo la kuhama umeliweka mwisho, lakini tungeanza nalo. Zana zote tatu ulizotajiwa zinaweza kuuza gauni. Zinatofautiana kwa mambo mawili: nani anahangaika tovuti isipofunguka saa nne za usiku, na siku ukiondoka unatoka na nini mkononi.

Kwanza tuelewane maneno. WordPress ni programu huria, ipo tangu 2003, na kuipakua ni bure. Unakodi nafasi kwenye seva (kompyuta inayowaka muda wote mtandaoni) ya kampuni ya hosti, unaiweka humo, kisha unaongeza WooCommerce, ambayo ndiyo inayoigeuza kuwa duka. Kuanzia hapo kusasisha programu, kulinda nywila, kuweka bakapu (nakala ya akiba) na kufukuza wadukuzi ni kazi yako, au ya kijana wako. Shopify, Wix na wenzao kama Squarespace hizo kazi wanazifanya wenyewe. Wewe unalipa ada, unaingia kwa nywila, unapanga bidhaa. Muulize kijana jambo moja dogo: anamaanisha WordPress ya kuweka kwenye hosti, au WordPress.com? Hiyo ya pili ni huduma ya kampuni ya Automattic, nayo iko upande wa majukwaa ya kulipia ingawa jina ni lilelile. Watu wengi hulipia moja wakidhani wamenunua nyingine.

Kabla ya yote, domeni

Lolote utakalochagua, domeni, yaani jina la tovuti, linunue wewe, mahali pake peke yake, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Usimwachie kijana alisajili kwa barua pepe yake ya chuo; akimaliza masomo, ile barua pepe ikafungwa, ujumbe wa kukumbusha kulipia hautamfikia mtu. Pia usichukue domeni ya "bure mwaka wa kwanza" inayokuja na jukwaa. Kuitoa huko baadaye inawezekana, ila kuna kufuli, msimbo wa kuhamishia na kusubiri, na mara nyingi mtu huanza kuhangaikia hayo akiwa tayari amegombana na jukwaa.

Hii si hofu ya bure. Google ilikuwa ikiwapa wenye biashara ndogo tovuti za bure kupitia wasifu wao wa biashara, anwani zikiishia na business.site. Machi 2024 ikazizima zote. Waliokuwa wamechapisha anwani ile kwenye kadi na mabango hawakuwa na la kufanya, maana jina lilikuwa la Google. Freenom nao, waliokuwa wakigawa .tk na .ml bure, walisimamisha usajili mpya 2023 na mwaka uliofuata wakaachana na biashara hiyo. Mwenye domeni yake, akihama, hubadilisha rekodi mbili tu zinazoelekeza jina kwenye seva mpya, ile ya A na ile ya CNAME ya www, na wateja wanaendelea kuandika anwani ileile.

Kwa duka linalouza Tanzania, .co.tz inatosha kabisa. Ukiweza, chukua na .com ya jina hilohilo, uielekeze kwenye .co.tz. Lipia miaka miwili kwa pamoja, na uandike tarehe ya kuisha kwenye kalenda ya simu, mwezi mmoja kabla.

Malipo ndiyo yatakayokuamulia

Video nyingi za YouTube zinazosifia majukwaa zinatengenezwa Marekani na Ulaya, na hapo ndipo wengi wetu hupotea. Wanasema "washa Shopify Payments", huduma ya malipo ya Shopify yenyewe, au "unganisha Stripe", kampuni ya kupokea malipo ya kadi. Shopify Payments haipo Tanzania wala Kenya, na Stripe haifungui akaunti ya mfanyabiashara aliyeko Tanzania. Kwa hiyo kwenye Shopify itabidi upitie kampuni nyingine ya kupokea malipo, na Shopify hutoza asilimia yake juu ya kila oda iliyolipwa kwa njia hiyo: asilimia 2 kwenye mpango wa Basic. Hiyo ni mbali na makato ya kampuni ya malipo yenyewe. Njia za mkono, kama fedha taslimu au mteja kutuma kwenye lipa namba na wewe kuhakiki, hazitozwi hiyo asilimia 2. Huenda ndiyo sababu rafiki yako wa Nairobi halalamiki.

Upande wa WooCommerce hakuna anayekata asilimia ya jukwaa. Pesapal na DPO, kampuni za kupokea malipo zinazofanya kazi Tanzania, zina plagini zake (programu ndogo za kuongeza kwenye WordPress), na mteja analipa kwa simu au kadi. Jiandae na makaratasi: usajili wa BRELA, TIN, leseni ya biashara, akaunti ya benki yenye jina lilelile la biashara. Majina yakitofautiana hata kwa neno moja, maombi hurudi. Anza mchakato huo kabla hujajenga ukurasa hata mmoja.

Kabla ya kulipia jukwaa lolote, fungua orodha yake ya njia za malipo, chagua Tanzania, uangalie kilichobaki. Kikibaki kitu kimoja cha kadi tu, jua mteja wako wa Kihonda mwenye M-Pesa hataweza kulipa humo.

Kuna na upande wa wewe kulipa. Majukwaa hutoza kadi yako kwa dola kila mwezi. Kadi ikikataa, kwa sababu salio halikutosha, benki imezuia miamala ya nje au kadi pepe imeisha muda, Shopify hujaribu tena, kisha hufungia duka mpaka deni liishe. Wix hukurudisha kwenye hali ya bure, yenye matangazo yao na bila domeni yako. Kampuni nyingi za hosti za hapa nyumbani unazilipa kwa simu, kwa shilingi, mwaka mzima mara moja. Kwa biashara yenye miezi mizuri na mibaya, huo ni unafuu mkubwa.

Hesabu

Weka bei halisi za siku utakayolipia; hizi ni za kukuonyesha namna ya kupiga. Tuchukulie jukwaa ni dola 35 kwa mwezi na dola ni shilingi 2,500. Kwa mwaka ni shilingi 1,050,000. Kama kwenye mauzo yako shilingi 1,000,000 kwa mwezi inapitia malipo ya mtandaoni, asilimia 2 yake ni 20,000, mwaka 240,000. Jumla 1,290,000.

WordPress: domeni 40,000, hosti 200,000, na mtu wa kuitunza 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000. Jumla 720,000. Ongeza ujenzi wa mara ya kwanza, tuseme 600,000, mwaka wa kwanza unakuwa 1,320,000. Karibu sawa na jukwaa. Nafuu inaanza mwaka wa pili.

Kijana akikwambia jumla ni 240,000 tu, domeni na hosti, ametoa kwenye hesabu kazi yake mwenyewe. Mwezi wa mitihani utakapofika utaiona bei yake. Mlipe, hata kidogo, mwandikishane atafanya nini kila mwezi. Ya bure hufanywa akipata nafasi.

Angalia pia bei ya hosti ya mwaka wa pili. Ofa za mwanzo hupanda mara mbili, hata tatu, wakati wa kuhuisha. Bei ya kulinganisha ni hiyo ya kuhuisha.

WordPress huharibikaje

Mara nyingi si WordPress yenyewe. Ni themu (programu ya mwonekano wa tovuti) ya kulipia iliyopakuliwa bure kwenye tovuti za wizi, ndani yake mna mlango wa nyuma. Miezi miwili baadaye Google inaonyesha duka lako likiuza dawa za nguvu za kiume. Au ni plagini 25, nne zimeachwa na watengenezaji wake, hakuna aliyezisasisha tangu siku ya ufunguzi. Au jina la kuingilia ni "admin" na nywila ni jina la duka na mwaka.

Kwa duka la bidhaa 60 plagini saba hivi zinatosha: WooCommerce, ya kampuni ya malipo, ya kutuma barua pepe kwa SMTP (kupitia huduma halisi ya barua pepe), ya bakapu kama UpdraftPlus, ya kuongeza kasi, ya ulinzi, na labda ya kitufe cha WhatsApp. Themu nyepesi ya bure kama Storefront au Kadence inakutosha. Seva iwe na PHP, lugha inayoendesha WordPress, toleo la 8.3 au zaidi, na kumbukumbu ya PHP isipungue megabaiti 256; chini ya hapo ukurasa wa kuhariri bidhaa huweza kuganda au kutoa kosa la 500, yaani la seva kushindwa.

Ukisasisha plagini na tovuti ikawa nyeupe, usiguse vingine. Ingia kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia hosti, fungua File Manager, nenda wp-content kisha plugins, badilisha jina la folda ya plagini uliyoisasisha, uongeze herufi moja tu mwishoni. WordPress haitaiona, itaizima, na tovuti itarudi. Hili hata wewe usiye mtu wa kompyuta unaweza kufundishwa kwa dakika kumi, na ni vizuri ulijue.

Barua za oda ndizo zinazosumbua kimyakimya. WordPress isipoelekezwa kwenye SMTP hutuma kwa njia ya seva yenyewe, na Gmail huzitupa kwenye spamu au huzikataa. Mteja anadhani oda haikupita, anaagiza tena. Dawa ni plagini ya SMTP pamoja na rekodi za SPF na DKIM kwenye domeni, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Hapa vijana hukosea kitu kimoja kila mara: SPF inatakiwa iwe moja tu kwa domeni. Hosti ilishaweka yake, kijana anaongeza ya pili ya huduma ya barua pepe, na zote mbili zinabatilika. Zinatakiwa ziunganishwe kwenye mstari mmoja.

Bakapu inayokaa kwenye hosti ileile si bakapu. Akaunti ikifungwa inaondoka nayo. Ipeleke Google Drive, ile yako. Hifadhidata (bidhaa, oda na maandishi) kila siku, mafaili kila wiki.

Na picha: simu ya kawaida siku hizi inatoa picha ya megabaiti 4 au 5. Zipunguze ziwe na upana wa pikseli 1,600 na uzito usiozidi kilobaiti 200 kabla ya kuzipandisha. Mteja wako yuko kwenye bando, na hili ni sawasawa uwe WordPress, Shopify au Wix. Jukwaa hupunguza picha lenyewe, ila kuipandisha ikiwa nzito ni bando lako linaloliwa.

Kuhama

Wix hairuhusu kuichukua tovuti nzima kuiweka kwingine. Kurasa na mpangilio wake vinaishi kwenye seva zao tu. Orodha ya bidhaa unaweza kuitoa kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu, linalofunguka kwa Excel), maneno ya kurasa utayanakili kwa mkono. Kwa duka linalotarajia kukua, mimi ningeiacha. Kwa ukurasa wa kuonyesha kazi na kitufe cha WhatsApp, haina ubaya.

Shopify inakupa CSV ya bidhaa, ya wateja na ya oda. Nywila za wateja hazitoki, kila mmoja atafungua akaunti upya. Anwani za bidhaa lazima zipitie /products/, kwa hiyo ukihamia WooCommerce, ambako kwa kawaida ni /product/, kila anwani ya zamani iwekewe uelekezo wa 301, unaompeleka mteja kwenye anwani mpya, la sivyo viungo vyote vya zamani ulivyobandika Instagram na Facebook vitaishia ukurasa wa 404, wa "haipatikani".

Mtego mkubwa uko kwenye picha. CSV haina picha ndani yake, ina anwani za picha tu. Mtu anatoa CSV, anafunga duka la zamani kuokoa ada ya mwezi, wiki ijayo anaingiza CSV kwenye duka jipya: bidhaa zote 60 zinaingia na picha hakuna, maana zile anwani zimekufa na duka. Ingiza kwanza, hakikisha picha zimeshuka upande wa pili, ndipo ufunge. Na picha za asili ziwe kwenye diski yako siku zote.

Kutoka hosti moja ya WordPress kwenda nyingine unabeba vitu viwili: folda ya wp-content na hifadhidata. Kila kitu chako kimo humo. Siku mbili kabla ya kuhama, shusha TTL ya domeni (muda ambao mitandao hukumbuka anwani ya zamani) iwe sekunde 300, ili mabadiliko yasichukue siku nzima kuenea.

Kwa hali yako

Ningechukua WordPress na WooCommerce, kwa sababu wateja wako wanalipa kwa simu, na kwa sababu gharama inashuka mwaka wa pili. Lakini kwa sharti moja, na sharti lenyewe ni mtihani kwa kijana. Mwambie aweke WordPress tupu kwenye subdomeni (anwani ya pembeni chini ya domeni yako), aweke bidhaa tatu, achukue bakapu, kisha afute kila kitu mbele yako na akirudishe. Akimaliza ndani ya saa moja, mpe kazi. Akianza kusema hilo si la lazima, nenda Shopify, anza na malipo ya mkono yasiyo na asilimia 2, na usijilaumu. Ile ada ya mwezi ndiyo mshahara wa fundi uliyemkosa.

Akifaulu, kuna mipangilio ya WooCommerce inayowahusu Watanzania zaidi kuliko wengine. Sarafu iwe shilingi ya Tanzania na nafasi za desimali ziwe 0, vinginevyo gauni litasomeka 45,000.00 na mteja ataanza kuhesabu sifuri. Namba ya simu iwe ya lazima, postikodi isiwe ya lazima. Watu hukwama hapo na kuondoka. Usafirishaji ugawe kwa mikoa: Morogoro mjini bodaboda, Dar kwa basi, mikoa mingine bei yake, na uandike wazi kama mzigo unaishia stendi au unafika mlangoni.

Wakati makaratasi ya kampuni ya malipo yanashughulikiwa, usisubiri. WooCommerce ina njia ya malipo ya benki iliyokuja nayo. Ibadilishe jina iwe "Lipa kwa simu", weka humo lipa namba na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja, umwombe atume namba ya muamala kwa WhatsApp. Oda itakaa kwenye hali ya "On hold" mpaka uihakiki. Sasa hapa pana jambo: oda ikiwa kwenye hali hiyo, nguo imeshapunguzwa kwenye hesabu ya mzigo, na WooCommerce haiifuti yenyewe hata mwezi ukipita. Mtu akiagiza gauni lako la mwisho la saizi 38 kisha asilipe, duka litawaambia wengine limeisha huku linaning'inia dukani kwako. Kila jioni pitia oda hizo. Isiyolipwa kwa saa 24 ighairi, na nguo itarudi kwenye hesabu.

Kiungo cha Instagram usikibadilishe bado. Kwanza nunua gauni moja mwenyewe: kwa simu ya bei ya chini, kwa bando si kwa Wi-Fi, kwa kutumia barua pepe ya mtu mwingine. Ona kama ukurasa wa malipo unafunguka, kama maelezo ya lipa namba yanaonekana bila kuvuta skrini pembeni, kama barua ya oda inafika kwenye kikasha na si kwenye spamu. Kisha ighairi oda hiyo, uone kama gauni limerudi kwenye hesabu.